Mbona mitambo ya upepo ya Ngong inasimama na upepo unavuma kinoma?

Mtembezi_Tabata
Wakuu habari za wikiendi. Juzi Jumamosi nilikuwa Nairobi kwa shemeji yangu akanipeleka kupanda milima ya Ngong, sasa kule juu upepo sio wa mchezo, kofia yangu imeruka mpaka bondeni sijaiona tena, kuna dada alishika gauni kwa mikono miwili hata picha hawezi kupiga. Afu nikaangalia ile mitambo ya umeme wa upepo iliyojipanga mgongoni mwa mlima, mingi inazunguka freshi tu lakini minne imesimama tuli, mapanga hayatikisiki. Na iko palepale jirani na wenzake kwa hiyo sio kwamba upepo haufiki. Shemeji anasema imekufa na hakuna wa kuitengeneza, ndo mambo yetu haya. Mimi nikasema upepo ukizidi inajizima. Tumebishana mpaka nyama choma ikapoa. Nani yuko sahihi? Na kama inajizima kwa upepo mkali, mbona majirani zake hawajajizima?

Wa_Rongai
Ilikuwa imeenda lunchi, kwani wewe Jumamosi hupumziki 😂😂

Mchunguzi254
Mimi nitawaambia ukweli hata mkinichukia. Hizo zinazozunguka zenyewe zinazungushwa na umeme wa gridi, kuna mota ndani, ni pangaboi kubwa tu ya kuonyesha wageni.

FundiWaMnara
@Mchunguzi254 mota zimo kweli ila sio za kuzungusha mapanga. Ziko za kugeuza kichwa chote kiangalie upepo unakotoka, ziko pampu za mafuta, feni, taa za kuonya ndege, kompyuta. Hivyo vyote mtambo ukiwa umesimama vinakula umeme wa gridi, kidogo tu, hapo una nusu ya ukweli, nusu ingine umeipata WhatsApp.

@Mtembezi_Tabata nimepanda minara hiyo miaka kadhaa, sio Ngong, ni kule kaskazini kwenye joto, ila ni ukoo mmoja. Ni aina ya Vestas V52 ya kilowati 850, Ngong zipo na Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana zipo 365. Hiyo mashine inaanza kuzalisha upepo ukifika kama mita 4 kwa sekunde, inapanda mpaka kwenye mita 16 hivi hapo inatoa kilowati zake 850 zote, na kuanzia hapo haiongezi hata upepo uje na hasira gani, kompyuta inageuza mapanga kidogokidogo ili upepo wa ziada upite bure. Ikifika mita 25 ndo inajizima. Sasa mita 25 ni kilomita 90 kwa saa mkuu, ungekuwa kule juu usingekuwa unatafuta kofia, ungekuwa unatafuta shemeji. Kwa hiyo yako hiyo siyo, samahani.

Na watu wanadhani inakaba breki kama matatu imeona abiria. Hapana. Toa mkono nje ya dirisha gari ikienda, kiganja ukikisimamisha upepo unakusukuma, ukikilaza upepo unapita tu. Mapanga yanafanya hivyohivyo, yanalazwa, nguvu inaisha yenyewe. Breki inakuja mwisho kushikilia.

Sasa kwa nini minne na sio yote. Moja ni matengenezo. Fundi akitaka kuingia kule mbele yanapoungana mapanga lazima mtambo usimamishwe na ufungwe kwa pini ya chuma, huwezi kuweka kichwa chako hapo ukitegemea breki. Pili ni hitilafu, na hapa shemeji ana pointi, ila sio kwamba hakuna wa kutengeneza: upepo ukiwa mkali sisi haturuhusiwi kufanya kazi nyingi za juu, na kreni ndo kabisa hainyanyui kitu kizito. Kwa hiyo mashine ikiharibika msimu wa upepo inaweza kukaa siku nyingi imesimama upepo ukiipiga usoni, na wewe unapita unasema wamelala. Tatu mitambo inaungwa kwa mafungu, kadhaa kwenye kebo moja ya chini ya ardhi, kebo au swichi yake ikileta shida fungu zima linasimama. Minne jirani kwa jirani mimi ningeanzia kuuliza hapo. Kuna na hii wengi hawaijui, kichwa kikigeukageuka kufuata upepo nyaya zinazoshuka ndani ya mnara zinajisokota kama waya wa pasi, zikifika raundi kadhaa mtambo unasimama, unageuka kinyume kuzisokotoa, unaendelea. Ila hiyo ni ya muda mfupi.

Wa_Rongai
Sawa sasa seriasi. Mbona hiyo ya Turkana ilikaa mwaka mzima bila kuzunguka? Nakumbuka kelele zake.

FundiWaMnara
Zaidi ya mwaka. Mitambo yote 365 ilikuwa imeshajengwa mapema 2017, megawati 310, na ule upepo wa pale unapita katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kama maji kwenye mpira uliobanwa, hautulii. Lakini laini ya kilovoti 400 mpaka Suswa, kilomita zaidi ya 400, haikuwa imeisha, mkandarasi wake wa Hispania alifilisika njiani, laini ikakamilika Septemba 2018. Kipindi hicho chote umeme hauna pa kwenda. Mtambo hauna tanki wakuu, unachozalisha sekunde hii lazima mtu akitumie sekunde hii.

Na hata laini ikiwepo, upepo wa Turkana unapenda kuvuma usiku mpaka alfajiri, saa ambazo Wakenya wamezima pasi na viwanda vimepumzika. Olkaria nako, kwenye vituo vya umeme wa joto la ardhi, mvuke unatoka saa 24, visima havifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Kwa hiyo mahitaji yakishuka pale kituo cha kusimamia gridi wanapiga simu, punguzeni megawati kadhaa. Unakuta upepo bora kabisa wa siku nzima na mashine zimelaza mapanga. Inauma ukiwa pale, we acha.

Mchunguzi254
Na bado tunalipa?

FundiWaMnara
Hapo umeuliza la maana. Kwenye mikataba ya aina ile mtambo ukiwa mzima na upepo upo afu ukaambiwa usizalishe, mara nyingi unahesabiwa kama umezalisha. Ule wakati wa kuchelewa kwa laini zililipwa fidia za mabilioni ya shilingi, ilifika mpaka bungeni.

BintiPangani_Kiel
Naongezea kutoka Ujerumani kaskazini, niko Schleswig-Holstein huku mitambo ni mingi kuliko minazi ya kwetu. Siku ya dhoruba ndo unaona imesimama, mume wangu Mjerumani anakasirika kila safari 😅. Upepo uko huku kaskazini, viwanda vikubwa viko kusini, nyaya za katikati hazitoshi. Kebo ya SuedLink karibu kilomita 700 ndo bado wanaichimbia. Kwa hiyo huku wanazima upepo na kule kusini wanawasha mtambo wa gesi, siku hiyohiyo, na gharama inaingia kwenye bili. Pia huku mtambo unazimwa kama kivuli cha mapanga kinapita dirishani kwa mtu zaidi ya dakika 30 kwa siku.

Wa_Rongai
Shamba la upepo la Kipeto huko Kajiado wanazima kwa ajili ya tumbusi, kuna watu kazi yao ni kukaa na darubini, ndege akikaribia wanasimamisha. Kazi safi hiyo, mimi nipewe.

Mtembezi_Tabata
Daah nimejifunza. Kumbe ni kama Bwawa la Nyerere, mashine 9 za megawati 235 haimaanishi zote tisa zinazunguka muda wote. Sasa fundi, mtu akiwa chini atajuaje ni sababu gani?

FundiWaMnara
Kwa uhakika hujui. Ila ukiona inazunguka polepole sana kivivu, hiyo ni nzima, imelaza mapanga inasubiri ruhusa au upepo. Ikiwa imeganda kabisa angalia chini ya mnara, mlango uko wazi, gari limepaki, basi kuna watu juu.

Mtembezi_Tabata
Gari lilikuwepo! Pikapu nyeupe chini ya mmoja, mlango wazi. Shemeji alisema ni walinzi wanakula.

FundiWaMnara
Huo mmoja ulikuwa na fundi ndani anatokwa jasho. Mitatu iliyobaki siwezi kuisemea nikiwa huku. Mdai shemeji robo ya nyama.