Re: Faini ya nafasi ya walemavu: usilipe kabla hujaitazama barabara

Wazee wangu shikamooni, wenzangu na wadogo zangu hamjambo.

Nimesoma mjadala wote tangu mdogo wetu alipotuma ile picha ya mahali alipopigwa faini ya maegesho huko Uingereza. Najibu kwa urefu kwa sababu wengi wenu mnaoishi kule mko nyumbani Kilimanjaro msimu huu, na barua za kule zinaendelea kudondoka mlangoni bila mtu wa kuzifungua. Kwa aliyechelewa: mdogo wetu aliegesha gari jioni kwenye mtaa wa makazi katika mji mmoja wa Midlands, katikati ya England, na aliporudi akakuta karatasi kwenye kioo. Kosa ni kuegesha kwenye nafasi ya walemavu bila Blue Badge, kile kibali cha maegesho cha watu wenye ulemavu. Baada ya hapo akapanda ndege, sasa yuko Machame na anauliza: alipe pauni 35 upesi, au apinge akijua huenda zikawa 70?

Mzee wetu wa Reading amemshauri alipe yaishe. Mzee, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Ukishalipa, shauri limefungwa na huna tena pa kulalamikia. Na hii si ya kulipa harakaharaka.

Ikuzeni ile picha muitazame vizuri. Chini zimebaki herufi tatu za mwanzo za neno DISABLED. Zilizofuata zimemezwa na kiraka cha lami nyeusi. Inaonekana walichimba, wakafukia, wakaondoka bila kurudishia rangi. Mistari ya kukatakata imefutika upande wote wa barabara. Nguzo ipo, ila kibao kimezunguka na kinatazama uzio wa nyumba ya watu, kwa hiyo anayetokea upande aliotokea mdogo wetu anaona mgongo wa bati tu. Halafu kumbukeni Desemba ya kule: jua linazama karibu saa kumi jioni, na yeye alifika giza limeshaingia.

Kwa England na Wales, kanuni za mwaka 1996 zinaitaka halmashauri iweke alama za kutosha kumjulisha dereva katazo lililopo, na izitunze muda wote katazo hilo linapotumika. Zote mbili, kuweka na kutunza. Hoja ya mdogo wetu imesimama kwenye hilo la pili. Lakini tusidanganyane: sheria haidai rangi mpya inayong'aa. Waamuzi wanaangalia kama, kwa ujumla wake, alama zingemwelewesha dereva makini. Rangi iliyochakaa kidogo huku kibao kimesimama wima kinakutazama, hapo utashindwa, na ni haki ushindwe.

Kuna swali jingine ambalo watu wetu hawaliulizi: ile nafasi ina amri ya kisheria nyuma yake? Halmashauri nyingine huchora nafasi mbele ya nyumba ya mtu mlemavu kama ombi tu kwa majirani, bila amri yoyote. Mtu mwenye utu ataiheshimu, lakini haiwezi kutozwa faini. Kwa hiyo omba nakala ya amri ya mtaa huo. Omba pia picha alizopiga askari wa maegesho. Mara nyingi unaziona kwenye tovuti yao ukiingiza namba ya tiketi na namba ya gari. Picha zao wenyewe huwa ushahidi mzuri kuliko zako, maana kama hazionyeshi kibao chochote, unawauliza kwa nini.

Sasa siku, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ukiandika pingamizi lako la kwanza ndani ya siku hizo hizo 14 na wakalikataa, kwa kawaida wanakupa tena nafasi ya kulipa ile nusu. Hii ndiyo sababu namwambia mdogo wangu aandike mapema: akiwahi, kwa hatua hii ya kwanza hana anachopoteza. Wakikataa na asilipe, itakuja barua iitwayo Notice to Owner, nayo inampa siku 28 za kuleta utetezi rasmi. Halmashauri ikikaa siku 56 bila kujibu utetezi huo, sheria inahesabu kwamba umekubaliwa. Wakikataa rasmi, ana siku 28 nyingine za kwenda kwa mwamuzi huru: Traffic Penalty Tribunal kwa walio nje ya London, London Tribunals kwa walio London. Kukata rufaa huko hakuna ada. Inafanyika kwa mtandao, na shauri linaweza kusikilizwa kwa simu au video, kwa hiyo hata ukiwa Kibosho au Marangu unaweza kuliendesha ilimradi mtandao haukatiki.

Ile Notice to Owner inakwenda kwenye anwani iliyoandikishwa DVLA, mamlaka ya Uingereza ya usajili wa magari na leseni. Aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani ya gari, barua yake inakwenda kwa mpangaji mpya na siku zinahesabika. Ukinyamaza, faini inaongezwa nusu yake, 70 inakuwa 105, kisha inasajiliwa kama deni mahakamani na hatimaye madalali wa kukusanya deni wanagonga hodi. Kama kweli hukuipata barua ile, kuna tamko rasmi la maandishi unaloweza kupeleka ili shauri lirudishwe nyuma. Ni tamko la kisheria, usilitumie kuficha kwamba barua ilikuwa mezani wakati wewe uko kwenye sherehe za mwisho wa mwaka huku nyumbani. Mwachie mtu ufunguo. Mwambie kila bahasha yenye jina la halmashauri aifungue, aipige picha, aitume siku hiyo hiyo.

Shemeji yetu yuko kule, basi yeye ndiye wa kupiga picha. Aende jioni, saa ileile, kabla hawajaja kupaka rangi. Apige kutoka mbali dereva anapoingia mtaani, apige tena akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kisha asogee kwenye kibao na kwenye kile kiraka. Asiikate picha; nguzo, kiraka na gari lolote lililopo vionekane pamoja ili mtu ajue ni mahali pamoja. Picha za mtaa za Google nazo zina mwezi na mwaka. Kama za zamani zinaonyesha kiraka kipo na rangi haipo, halmashauri haitaweza kusema uharibifu ulitokea jana.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa, maana naona kuna dada ameuliza kama si aibu kugombania nafasi ya walemavu. Swali lake ni la haki kabisa. Kaka yangu mkubwa anatumia kiti mwendo, na tangu niliporudi Moshi mimi ndiye ninayemwendesha mjini. Ili ashuke, mlango lazima ufunguke wote hadi mwisho. Kiti kinasogezwa kwa mshazari, breki zinafungwa, ubao unawekwa kati ya kiti cha gari na kiti mwendo, naye anateleza polepole akijishika kwa mkono wa kulia. Gari lingine likisimama karibu upande ule, kazi imekwisha. Pale Soko Kuu mara nyingi hatupati upana huo, basi anabaki ndani ya gari madirisha yamefunguliwa, mimi naingia kununua mishare, zile ndizi za kupikia mtori, ambayo yeye alitaka kuichagua kwa mkono wake. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini kwenye maegesho ya mjini kwetu utatafuta hiyo alama ya kiti mpaka uchoke.

Kwa hiyo, dada, mimi siichukulii barua hii kuwa ya kumkwepesha mtu wajibu wake. Nafasi isiyoonekana inamwumiza kwanza mwenye Blue Badge. Yeye ndiye anayefika usiku akakuta gari la mtu ambaye hakujua, na faini iliyobandikwa kwenye kioo haimshushi yeye kwenye gari lake. Halmashauri inayokusanya faini mahali ambapo haijapaka rangi imewakosea wote wawili, na inaweza kukusanya hivyo miaka mingi kama kila mmoja analipa 35 zake na kunyamaza. Ndiyo maana namwomba mdogo wangu asiandike tu "nifutieni faini". Aandike hivi, kwa Kiingereza chake kizuri:

"Napinga faini hii kwa sababu alama za nafasi hiyo hazikutosha kunijulisha katazo. Maandishi ya chini yamefunikwa na kiraka cha lami, mistari imefutika, na kibao kimegeukia uzio kiasi kwamba hakisomeki kutoka barabarani. Picha nimeambatanisha. Naomba nakala ya amri inayohusu nafasi hii na kumbukumbu za ukaguzi na matengenezo ya alama zake. Naomba pia kibao kirudishwe mahali pake na maandishi yapakwe upya mapema, ili anayeihitaji nafasi hii aipate, na mniambie kazi hiyo itafanyika lini."

Hayo yatosha. Asieleze kwamba alikuwa na haraka, wala kwamba mtoto alikuwa analia, wala kwamba yeye ni mlipa kodi mwema. Maelezo marefu yanaifunika hoja moja yenye nguvu. Na asiseme "sikuona" bila kueleza kwa nini hakuweza kuona.

Wengine mmeuliza kuhusu maegesho ya supamaketi na hospitali. Huko soma kichwa cha karatasi kabla ya chochote. Ya halmashauri imeandikwa Penalty Charge Notice. Ya kampuni binafsi imeandikwa Parking Charge Notice, nayo si faini ya serikali bali ni madai ya mkataba kati yako na wao. Unaanza kwa kulalamika kwa kampuni yenyewe, wakikataa unakwenda POPLA au IAS, vyombo vya rufaa za maegesho binafsi, kutegemea chama cha kampuni za maegesho walichojiunga. Msiamini wale wanaosema karatasi za kampuni unazitupa tu. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliipa ushindi kampuni ya kusimamia maegesho kwa dai la pauni 85, na moja ya mambo yaliyoibeba ni kwamba mabango yake yalikuwa makubwa, mengi na yanasomeka. Ukiisoma hukumu hiyo kwa upande wa pili, unajua cha kupiga picha.

Dada wa California, kwenu ni sheria nyingine kabisa. Faini ya kosa hili inaanzia dola 250, na una siku 21 tangu tiketi itolewe kuomba mapitio ya kwanza. Viwango vya serikali ya shirikisho ya Marekani vya mwaka 2010 vinataka ukingo wa chini wa kibao uwe angalau inchi 60 kutoka ardhini, kwa hiyo pima kwa futi na upige picha futi ikiwa imesimama kando ya nguzo. Kumbuka pia kwamba eneo lenye mistari ya mshazari kando ya nafasi ni sehemu ya nafasi hiyo. Ndipo mlango na kiti mwendo vinapopita, na ukiegesha pale umekosa sawasawa na aliyeegesha ndani.

Mdogo wangu wa Machame, kesho ni siku ya gulio na najua utateremka mjini. Njoo na ile karatasi ya awali, si picha yake, maana namba ya tiketi kwenye picha imekatika pembeni. Nitakuwa karibu na mnara wa saa kuanzia saa nne asubuhi. Tutaandika barua pamoja na kuituma kabla hujaondoka. Mwambie shemeji apige zile picha leo jioni.