Naomba ushauri kuhusu filamu za makala za vita na kumbukumbu za wazee wetu

Ndugu zangu, naishi Dodoma, na jioni za Jumamosi huwa tunawaonyesha vijana wa mtaani filamu za makala zinazohusu vita na maisha ya watu mashuhuri, kwa projekta na shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Wanazipenda, lakini nyingi zinazoeleza Vita Kuu ya Kwanza huishia kwenye mahandaki ya Ufaransa, ilhali Mei 1916 majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipigana na yale ya upande wa Waingereza chini ya van Deventer huko Kondoa, mkoani mwetu humu. Zikifika Afrika Mashariki, humsifu Lettow-Vorbeck kwa ujanja wake, na wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi hupewa sentensi moja. Njaa ya Mtunya, iliyowaangamiza Wagogo baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na nguvukazi yao na mvua kukosekana, sijaiona ikitajwa.

Sasa tunafikiria kutengeneza filamu yetu fupi kwa kuwarekodi wajukuu wa watu wa wakati huo. Je, ni bora kumwacha mzee asimulie mwenyewe kwa Kigogo, tukaweka maandishi ya Kiswahili chini, au kutumia msimulizi na waigizaji? Mimi naegemea la kwanza, ingawa vijana wanadai kwamba kusoma kunachosha. Aliyewahi kuomba kibali Bodi ya Filamu naomba anieleze utaratibu, na mwenye kufahamu makala nzuri ya Kiswahili kuhusu Vita vya Kagera anitajie.