Mama hataki titi litolewe lote, tuongeeje na daktari?

Habarini ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naomba ushauri maana hapa nimekwama kabisa. Mama ana miaka 54, kakutwa na saratani ya titi la kushoto, uvimbe sentimita 2.5, tumeambiwa hatua ya pili. Daktari kaandika operesheni ya kutoa titi lote, tumekaa pale dakika tano hivi, akanigeukia mimi akasema "mlete Jumanne", mama mwenyewe hajaulizwa kitu, kakumbatia tu bahasha yake ya vipimo. Kufika nyumbani ndo ananiambia hataki litoke lote kama kuna njia nyingine. Nimesoma kuna kutoa uvimbe tu halafu unapigwa mionzi kila siku kwa wiki kadhaa, ila sisi tuko Songea na mionzi tunaambiwa mpaka Ocean Road, Dar, hapo nauli na pa kulala sijui. Nimemuuliza nesi, kasema daktari ndo anajua.

Mliopitia hili, mlimwambiaje daktari bila mgonjwa kuonekana mbishi? Na tukiomba nakala ya majibu tuonane na daktari mwingine, kuchelewa wiki mbili kuna madhara?