Barabara za Tanga: tuulizwe kwa simu au kwenye mkutano wa mtaa?

Wakuu, kuna kijana hapa Ngamiani anadai njia za daladala, vituo na barabara za mitaa zikipangwa, wananchi tuulizwe kwa simu tu. Mikutano ya mtaa iachwe, haina watu. Wengi wanamshangilia. Mimi namuunga mkono nusu.

Simu inafaa kuonyesha mahali. Mtu wa baiskeli (na Tanga baiskeli ndiyo miguu yetu) anajua wapi lami imelika ukingoni hadi bajaji ikimpita inabidi ashuke mchangani. Akipiga picha na kutia alama kwenye ramani, mhandisi amepata asichokipata kikaoni. Nairobi wanafunzi walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na 2014 ramani ya matatu ikatoka. Dar, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wakachora mitaa na mifereji ya kata zinazofurika.

Ila kuhesabu kura za kuamua kituo kikae wapi kwa simu, hapana. Mama anayechukua samaki Deep Sea alfajiri, konda anamkatalia kwa sababu ndoo italowesha viti. Ndiye anayejua kituo kikae wapi, lakini hana nafasi ya kujaza fomu, na bando lake la WhatsApp linaisha kabla ya adhuhuri. Aliyehamia Dar, ambaye huku anakuja Idi tu, atajaza mara tatu.

*Wa Makorora:* Kaka, mkutano unautetea bure. Ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, dereva wa bajaji ataacha kutafuta hesabu ya bosi aje kusikiliza? Wanaojaza viti ni walewale, na sisi wanawake tukianza kusema, mwenyekiti anaangalia saa. Mimi nikishalaza mtoto usiku ndipo napumua. Niulizwe saa hiyo, kwenye simu yangu.

*Wa Duga:* Nipo na dada. Ila fomu ya intaneti inawaacha wenye vitochi. Tunaangalia salio kwa nyota na reli, kwa nini tusijibu swali la kituo hivyohivyo? Dira ya maendeleo ya taifa ya 2050 yenyewe, simu ilitumika kukusanya maoni.

*Wa Sahare:* Wanangu, mimi mtu mzima nauliza: tukishatuma, nani anajibu? Barabara kuu ni ya TANROADS. Ya mtaa ni ya TARURA. Nauli na leseni za daladala ni LATRA. Taka zilizoziba mfereji, halmashauri. Maji yakituama kituoni utazungushwa milango yote minne, na kila mmoja atakwambia umekosea njia. Fomu ya simu itaongeza mlango wa tano.

*Mleta mada:* Shikamoo mzee, hapo umegonga penyewe. Basi pawe na mlango mmoja, na mwenye mlango ndiye ahangaike kujua shimo ni la nani. Kila maoni yapewe namba na jibu hadharani: yamekubaliwa, yamekataliwa kwa sababu hii, au yamepelekwa kwa fulani. Majibu yabandikwe ofisi za mitaa na stendi ya Kange, asiye na bando ayasome. Bila hivyo mtu atatuma mara ya kwanza, ya pili hatatuma, na watasema wananchi hawana mwamko.

Dada wa Makorora, la saa nne nakubali, mikutano ihamie jioni. Kuhusu kura ya kuhamisha kituo sijabadilika: watu wahesabiwe palepale kituoni wakipanda gari, alfajiri na jioni, si kwenye fomu.

*Wa Makorora:* Na huyo wa kutuhesabu alfajiri atakuwa nani, konda? Aliyemkataa mama wa samaki?