Chunusi sugu: doksi, minosaiklini au azithro? Naomba uzoefu wenu kabla sijaanza kumeza

dada_wa_Tabata

Habari za humu ndugu zangu. Nina miaka 24, niko Dar. Chunusi zangu si zile za kuja na kuondoka; ni mafundo ya taya na mgongo mzima, yakiiva hata kulalia mto siwezi. Kila fundo likinywea linaacha doa jeusi linalokaa miezi.

Jumatatu nimemwona daktari wa ngozi. Kaniandikia doksisaiklini miligramu 100, kapsuli moja kwa siku kwa wiki 12, pamoja na jeli ya benzoili peroksaidi ya kupaka usiku. Nimefika nyumbani kila mtu ana lake. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasema minosaiklini ni nyepesi kuliko doksi. Jirani anasema azithro (azithromaisini) siku tatu kila wiki inatosha. Mama hataki kusikia habari ya antibayotiki miezi mitatu, anasema nitaharibu tumbo.

Kapsuli ziko mezani, sijafungua. Mliowahi kutumia nielezeni faida mliyoiona na yaliyowapata. Naomba ukweli wenu.

kijana_wa_Likoni

Pole sana dadangu. Mimi nilitumia doksi wiki 12 kamili, dozi hiyohiyo yako. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, karibu niache. Wiki ya saba hivi ndiyo mafundo yakaanza kunywea, ya mgongoni yakawa ya mwisho. Faida niliiona na siikatai.

Lakini sikia yaliyonipata, maana yote mawili ningeyaepuka kama ningeambiwa mapema. Kwanza, usiku mmoja nilirudi kazini nimechoka, nikameza kapsuli kwa funda moja la maji, nikalala palepale. Alfajiri niliamka na moto kifuani, katikati hapa. Siku nne hata mate yalikuwa yanapita kwa maumivu, ugali sikuutazama, nilikunywa uji wa vuguvugu tu. Daktari akaniambia kapsuli ilinasa kwenye umio ikapachoma. Doksi inajulikana kwa hilo.

Pili, naendesha boda. Wiki ya tatu migongo ya mikono ikawaka kama nimemwagikiwa maji ya moto, halafu ikababuka. Mimi ni mweusi, sikujua kwamba jua linaweza kunichoma hivyo. Kucha za vidole gumba zikaanza kuachana na nyama kwenye ncha. Nikanunua glavu na shati la mikono mirefu, ikatulia. Kama kazi yako ni ya juani, lipange hilo kabla ya kapsuli ya kwanza.

mfamasia_wa_kata

Dada, hongera kwa kuanzia kwa daktari. Wengi huja kwangu na picha kwenye simu, wakitaka "ile dawa aliyotumia fulani".

Nianze na hoja ya mama, kwa sababu ina uzito. Antibayotiki ya miezi mitatu si jambo dogo. Tumbo linaweza kuchafuka, kichefuchefu ni cha kawaida hasa ukimeza bila kula, na kina dada wengi hupata fangasi za ukeni. Kubwa zaidi ni usugu, yaani bakteria kuizoea dawa. Doksi hiihii ndiyo tunayoikimbilia kipindupindu kikiingia, ndiyo inayotibu brusela, homa inayotoka kwa mifugo, kwa wafugaji kwa wiki 6 ikiwa pamoja na dawa nyingine, na wasafiri huimeza kila siku kujikinga na malaria. Kwa hiyo tukiitumia kwenye chunusi tunatakiwa tuwe na sababu, na tuwe na tarehe ya kuacha. Mafundo yanayoacha makovu ni sababu ya kutosha. Vipele vichache vya paji la uso havitoshi.

Sasa hizo tatu. Doksi huchaguliwa kwanza kwa kuwa inapunguza bakteria wa kwenye vinyweleo na pia inatuliza uvimbe wenyewe, na madhara yake mengi ni ya kuzuilika. Minosaiklini hainasi kooni sana wala haikuchomeshi jua kama doksi, na hapo ndipo sifa yake inapotoka. Lakini haijathibitika kuponya chunusi kuliko doksi, na madhara yake machache ni mazito: kizunguzungu, ngozi kugeuka rangi ya buluu, ini kuvimba, hata ugonjwa unaofanana na lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), ambao hatari yake huongezeka kadiri miezi inavyokwenda. Mimi nisingeianza kwa sababu tu mtu kasema ni nyepesi.

Azithro ndiyo ninayoiogopa zaidi, na si kwa sababu haifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki katika makundi. Doksi iko kwenye zile za kutumika kwanza, azithro iko kwenye zile za kuangaliwa kwa makini kwa sababu usugu wake huja haraka. Ndiyo inayogawiwa vijijini hapa Tanzania kuzuia upofu wa vikope. Inakaa mwilini siku nyingi baada ya kumeza, kwa hiyo bakteria wanabaki wakiionja kidogokidogo. Pia inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa mwenye tatizo hilo. Kuna wanaoihitaji, kwa mfano asiyeweza kabisa kutumia jamii ya doksi, lakini huo uwe uamuzi wa daktari.

Na ile jeli usiiache. Kapsuli haizibui kinyweleo kilichoziba. Benzoili peroksaidi inaua bakteria kwa njia ambayo hawaizoei, kwa hiyo ndiyo inayolinda doksi isizae usugu.

mtu_wa_Igoma

Mfamasia, umenigusa hapo mwisho. Mimi nilinunua azithro duka la dawa bila cheti. Dozi ya kwanza uso ulisafika wiki mbili, nikawatangazia hadi wenzangu kazini. Baada ya mwezi na nusu zikarudi. Nikanunua tena, zikapungua kidogo. Mara ya tatu, kidogo zaidi. Mara ya nne hakuna kilichobadilika ila kuharisha. Sikuwahi kupaka kitu chochote, wala hakuna aliyeniambia.

Nilipofika kwa daktari aliniuliza swali moja: "Nani alikwambia uache lini?" Sikuwa na jibu. Alinianzishia adapalini ya usiku, dawa ya kupaka inayozibua vinyweleo, na benzoili peroksaidi, bila kidonge chochote. Ilichukua miezi minne, na miwili ya mwanzo uso uliwasha na kubabuka, lakini huu ni mwaka wa pili sijameza antibayotiki ya uso.

bibi_harusi_Muscat

Asalaam alaykum. Kwetu Unguja, lakini niko Muscat mwaka wa tisa. Nnaomba nizungumze kuhusu minosaiklini, maana naona inasifiwa.

Ilinifaa, sitosema uongo. Wiki ya sita uso ulikuwa laini. Lakini siku za mwanzo nikisimama jikoni naona sakafu yenda, nikishika mlango ndo natulia. Nikavumilia. Kila nikirudi kliniki najaziwa tena, hapana aliyehesabu miezi, na mie sikuhesabu. Mwezi wa kumi na moja binti yangu alikuwa ananitazama nnapiga mswaki, akaniuliza, "Mama, mbona fizi zako za rangi ya wino?" Nikenda kwenye kioo cha dirishani kwenye mwanga. Kweli. Halafu nikaona hata makovu ya zamani ya shavuni yamekuwa ya buluu na kijivu, nami nilikuwa nadhani ni madoa ya kawaida.

Daktari mwengine aliisimamisha siku ileile, akapima na ini, alhamdulillahi lilikuwa salama. Ya shavuni yamefifia kwa mwaka mzima. Ya fizi bado yapo. Basi mdogo wangu, hiyo doksi uliyopewa ina wiki 12 zilizoandikwa. Mie ningelitaka sana kuandikiwa hivyo.

mama_wa_Moshi

Wanangu, niongeze ambalo hamjalisema. Nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati tetrasaiklini ilikuwa dawa ya kila homa ya mtoto. Meno yangu ya mbele yana mstari wa kijivu uliokata katikati, kama alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba iliyofurika. Yalitoka hivyo na yatazikwa hivyo. Nimecheka nimeziba mdomo tangu shule ya msingi.

Doksi na minosaiklini ni za jamii ya tetrasaiklini, na dawa za jamii hii hazimfai mtoto ambaye meno yanajengeka, na watoto chini ya miaka 8 hawapewi kutibiwa chunusi wala vipele. Nasema kwa sababu nimeona kina mama wakimpa mdogo kapsuli zilizobaki za dada yake. Kapsuli za zamani ni hatari pia kwa mkubwa. Tetrasaiklini iliyopita muda wake imewahi kuharibu figo za watu.

Na wewe dada wa Tabata, kama kuna uwezekano wa mimba ndani ya hizo wiki 12, mwambie daktari kabla hujaanza. Doksi si ya mjamzito. Mwanangu wa kwanza alikuwa mjamzito chunusi zikamshika vibaya, tukampeleka kitengo cha ngozi cha hospitali ya KCMC hapa Moshi. Pale pana kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanaofundishwa hutoka nchi nyingi za Afrika. Walimpa ya kupaka tu hadi alipojifungua. Mjamzito akilazimika kumeza, erithromaisini hutumika, ingawa bakteria wengi wa chunusi wameshaizoea.

mwalimu_wa_Eldoret

Fupi tu. Wiki ya tatu ya doksi nilianza kuamka na kichwa kinachopasuka, nikiinama kinazidi. Siku ya nne ubao ukaingia ukungu, nikawa nasoma mstari mmoja kama miwili. Daktari wa macho aliangalia nyuma ya jicho, akasema shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Ni nadra lakini dawa hizi huweza kulileta. Niliacha siku hiyo na macho yalirudi sawa. Yeyote anayepata kichwa cha namna hiyo pamoja na macho kufifia asisubiri kumaliza dozi.

Baadaye nilipewa isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi isiyo antibayotiki, ambayo ndiyo iliyonimalizia chunusi. Haitumiwi pamoja na doksi kwa sababu hiyohiyo ya shinikizo, na mwanamke haruhusiwi kabisa kupata mimba akiitumia, kwa kuwa humlemaza mtoto tumboni. Nilipimwa damu kabla na katikati.

dada_wa_Tabata

Nimesoma yote mara mbili, na mama nimemsomea. Amekaa kimya kwenye habari ya meno.

Mfamasia, nina maswali mawili. Natumia vidonge vya kuongeza damu asubuhi, na vya uzazi wa mpango usiku. Vinagombana na doksi?

mfamasia_wa_kata

Vya damu vinagombana nayo sana. Chuma huishika doksi tumboni ikapita bila kuingia kwenye damu, na chuma hupunguza nguvu yake hata ukitenganisha saa chache. Muulize daktari kama vya damu vinaweza kusubiri. Kama haviwezi, viweke mbali kabisa, kimoja asubuhi kingine usiku. Dawa za kiungulia za kutafuna au za maji hufanya hivyohivyo. Maziwa na mtindi huipunguza kidogo, kwa hiyo imeze na chakula kisicho cha maziwa.

Vya uzazi wa mpango havidhuriwi na doksi. Watu wengi huambiwa vinapoteza nguvu, lakini ni ukitapika au kuharisha sana ndipo ujihami kwa njia nyingine.

Nami nikuulize, usione aibu. Hayo madoa umewahi kuyapaka nini?

dada_wa_Tabata

Nitasema kweli kwa sababu nimewaomba ukweli. Nilipaka mkorogo, kama mwaka na nusu. Dada mmoja saluni alikuwa anauchanganya mwenyewe, mtubu mmoja ndani ya losheni. Madoa yalikwenda haraka na uso ukawa kama yai. Nikiacha siku tatu uso unawaka na kuvimba vipele vidogo vyote sawasawa, kwa hiyo narudia. Daktari sikumwambia.

mfamasia_wa_kata

Asante kwa kusema. Rudi kwa daktari kabla ya kapsuli ya kwanza, na uende na huo mkorogo kwenye mfuko. Mtubu wa namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni. Steroidi huzalisha chunusi yenyewe, vile vipele vya saizi moja ulivyoeleza, na hulainisha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Ukiendelea kupaka huku unameza doksi, utamaliza wiki 12 na utasema doksi haifanyi kazi. Na usiutupe leo kwa hasira. Mwaka na nusu ni mrefu, uso utafumuka. Daktari atakupunguzia kwa mpango, na huenda doksi ndiyo itakayokuvusha kipindi hicho.

kijana_wa_Likoni

Dadangu usirudi nyuma. Kusema hivyo mbele ya watu si rahisi.

dada_wa_Tabata

Nimerudi na jibu, ni siku ya tisa sasa. Daktari hakunifokea. Mkorogo napunguza, wiki hii ni siku moja ndiyo na moja hapana, na uso umefumuka kweli, nimetoka kazini na barakoa. Vya damu vimesimamishwa baada ya kupima, damu iko sawa. Doksi imeanza: saa moja asubuhi, chapati na chai ya rangi, bilauri nzima ya maji, halafu nakaa kwenye ngazi ya uani nusu saa kabla ya kuinama kufua. Mama ndiye anayeshika saa. Tarehe ya kapsuli ya mwisho ameiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Kuna jambo moja. Jeli imetoa rangi kwenye khanga ninayojifunika usiku, pale shavu linapogusa pamekuwa peupe. Inatoka?

bibi_harusi_Muscat

Haitoki hiyo. Tandika foronya nyeupe, na khanga itie kabatini mpaka umalize.