Tupeane uzoefu: ulilipataje gari la spoti la zamani la kufufua, ukiwa Mombasa na mfuko wa kawaida?

Mwenye mada, Tudor

Assalaam alaikum na hamjambo nyote. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo naulizwa mara kwa mara gerejini: mtu mwenye kipato cha kawaida, akiwa hapa Mombasa, atalipata wapi gari la spoti la zamani ambalo anaweza kulinunua leo na kulifufua polepole kadiri riziki inavyomjia? Ninazungumzia magari kama Datsun 240Z, MGB, Triumph Spitfire, Ford Capri na Toyota Celica za mwanzo. Wengi wanaoniuliza huja na picha za magari yanayouzwa Japani au Uingereza, wakiamini kwamba kilichobaki ni nauli ya meli na ushuru tu. Njia hiyo imezibwa kwa mnunuzi wa kawaida, kwa kuwa KS 1515:2000, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Gari utakalolifufua, basi, limo humu nchini tayari, na kazi yako ni kujua limelala wapi.

Nayo yapo. Yaliletwa katika miaka ambayo mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, ziliyatangaza magari kuliko tangazo lolote la gazeti. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, na jina la Datsun likakaa katika vinywa vya watu wa rika zote. Waliokuwa na uwezo wakati huo walinunua, wakayatumia, kisha wakayaacha uani kabureta zilipoanza kusumbua na watoto walipohitaji gari la milango minne.

Naanza na langu. MGB GT yangu sikuipata kwa tangazo wala kwa dalali. Nilimwendea mzee mmoja wa Ganjoni aliyepiga rangi magari tangu ujana wake, nikamwomba anitajie magari aliyowahi kuyapiga rangi na ambayo hajayaona barabarani kwa muda mrefu. Mzee alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, Mungu amzidishie afya. Mojawapo lilikuwa Voi, chini ya banda la mabati, na mwenyewe hakuwa na nia ya kuliuza mpaka alipofuatwa kwa adabu na kuelezwa kwamba halitavunjwa. Tulikubaliana kwa bei iliyo chini ya ile ya tuktuk mpya.

Wakati huo huo nilikuwa nimeoneshwa MGB nyingine Nyali, yenye rangi inayong'aa na injini inayowaka vizuri, nami nikaiacha. MGB haina chesi, yaani fremu ya chuma ya kubebea bodi, ya peke yake. Nguvu yake yote imo katika sakafu na vizingiti vilivyo chini ya milango. Fungua mlango, inua gari kwa jeki upande huo huo, kisha jaribu kuufunga tena. Ukikwama au mwanya wake ukibadilika, gari linapinda katikati kwa sababu vizingiti vimeliwa ndani, hata kama nje vimepakwa rangi juzi. Ile ya Nyali mlango ulikataa kufunga. Ile ya Voi haikuwa na injini inayozunguka, lakini sakafu yake ilikuwa chuma kitupu kikavu. Injini ya MGB, ile ya sentimita za ujazo 1798, hufunguliwa na kurudishwa na fundi yeyote mwenye subira, na spea zake bado zinatengenezwa Uingereza. Vizingiti vilivyooza ni kazi ya kukata na kuchomelea nusu ya gari. Ndiyo maana nasema kwamba, kwetu sisi wa pwani, gari la bei nafuu hutafutwa kuanzia Voi kwenda juu, mahali ambapo hewa haina chumvi. Wengine mna uzoefu gani?

Mchangiaji wa Mikindani

Shukrani kwa mada hii, ndugu yangu wa Tudor. Mimi niliwatumia wazee waliofanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari cha Miritini. Wengi wamestaafu na wanaishi huku Mikindani, Jomvu na Magongo, na wanajua ni nani aliyekuwa na gari gani hata nje ya mkoa. Kupitia kwa mmoja wao nilielekezwa Nakuru kwenye Datsun 240Z ambayo injini yake ilikuwa imekwama, na kukwama huko ndiko kulikoishusha bei hadi nikaweza kuifikia.

Wasiojua wanaogopa injini iliyokwama. Tulitoa plagi zote sita, tukamimina katika kila silinda dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, tukaiacha inywe kwa siku nyingi huku tukiongeza kila ilipopungua. Kisha tukaijaribu kwa mkono, kwa spana iliyowekwa kwenye nati ya krenki, tukiitikisa kidogo mbele na nyuma. Asikushauri mtu kulivuta gari kwa kamba huku gia ikiwa imeingia, kwa maana ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika na kuikwaruza silinda, na hapo hasara inakuwa ya kweli.

Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba injini ya 240Z, L24, ni ndugu wa damu wa L16 iliyokuwa katika Datsun 1600. Kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 83 na mwendo wa pistoni ni ule ule; L24 ina silinda sita mahali ambapo L16 ina nne, ndiyo maana moja ina sentimita za ujazo 2393 na nyingine 1595. Fundi aliyezoea Datsun za kawaida hatapotea ndani yake. Kabureta zake mbili za Hitachi zimeundwa kwa mfumo ule ule wa SU, kabureta za Kiingereza za magari kama MG, kwa hiyo fundi wa kabureta za MG naye atazielewa. Kutu nilikutana nayo chini ya betri na katika mihimili iliyo chini ya sakafu, na hapo ndipo nawashauri muanze kutazama kabla ya kufungua boneti.

Mchangiaji wa Ganjoni

Mimi nitazungumza kama mwanamke aliyekuwa upande wa kuuza, kwa sababu naona wanunuzi wengi hawaujui. Marehemu baba yetu alituachia Ford Capri iliyokaa uani miaka mingi. Walikuja wanaume wengi na pesa mkononi, wakiwa tayari kuivuta siku hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina lililo kwenye logibuku ni la nani. Lilikuwa la baba. Mtu akishafariki, mtoto aliyekaa na funguo hana haki ya kuuza mali hiyo peke yake, hata kama ndiye aliyelipangusa gari vumbi miaka yote.

Kwetu sisi Waislamu tulikwenda Mahakama ya Kadhi, warithi wakatajwa wote pamoja na mafungu yao, na baada ya hapo ndipo uuzaji ukawezekana kwa haki na umiliki ukaweza kuhamishwa NTSA, mamlaka inayosajili magari. Kijana aliyelinunua hatimaye ndiye aliyekuwa na subira ya kungoja hatua hizo. Alimheshimu mama, akakaa naye barazani akamsikiliza, akalipa malipo ya awali mbele ya mashahidi, na alipata gari kwa bei ndogo kuliko waliyotaja wale wenye haraka, kwa sababu mama alitaka liende kwa mtu wa aina hiyo. Kaka zangu, mkikuta gari la marehemu msikimbie, lakini msilipe pesa zote kwa mrithi mmoja.

Mwenye mada, Tudor

Dada yangu wa Ganjoni, umesema neno kubwa na nakushukuru. Naongeza kwamba magari ya umri huu yana namba za zamani, zile za kabla ya mfumo wa KAA, ambazo hazina herufi ya mwisho, na si yote ambayo kumbukumbu zake zimeingizwa vizuri katika mfumo wa mtandaoni. Omba upekuzi wa namba hiyo kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha linganisha kwa macho yako namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Injini iliyobadilishwa inaweza kuelezwa na kusajiliwa upya. Chesi isiyolingana mimi siigusi kabisa, hata nikipewa bure.

Mchangiaji wa Malindi

Huku kwetu Malindi, Waitaliano wameishi miaka mingi, na wapo waliokuja na Alfa Romeo na Fiat zao. Wanapozeeka au kurudi kwao, magari hubaki kwa walinzi na kwa majirani. Nimewahi kupata Alfa kwa njia hiyo, yenye usukani wa kulia na logibuku ya Kenya, na nimeridhika nayo sana. Hata hivyo nimeona pia magari yaliyoingia kwa msamaha wa ushuru au kwa kibali cha muda, ambayo hayajawahi kusajiliwa hapa. Atakayeyanunua ananunua na deni la ushuru la miaka hiyo yote, na gari likiwa na usukani wa kushoto ugumu wa kulisajili unaongezeka. Bei yake huwa tamu mno, na utamu huo ndio unaopaswa kukufanya uulize.

Mchangiaji wa Kisauni

Mimi ni fundi wa bodi. Naomba kila anayekwenda kutazama gari achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, aipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, kwenye pembe za buti na kuzunguka vioo. Mahali inapokataa kushika pana puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya puti nene huwa hapana bati. Inua mazulia. Tazama pia yale matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, hasa kama gari limekaa chini ya mkungu, kwa maana majani yake huziba matundu hayo, maji ya mvua yakakosa njia na kushukia ndani ya sakafu mwaka baada ya mwaka.

Mkishalileta nyumbani, msilifunike kwa turubai la plastiki lililobana. Unyevu wa Mombasa huingia chini yake na kukosa pa kutokea, na gari linaoza likiwa limefunikwa vizuri. Banda la makuti lililo wazi pembeni, lenye sakafu ya saruji, ni bora zaidi na ni rahisi kulijenga.

Mchangiaji wa Likoni

Swali langu ni kuhusu petroli. Nimeambiwa kwamba magari haya yalitengenezwa kwa petroli yenye risasi (yale madini ya ledi) na kwamba siku hizi yataharibika yakiendeshwa. Je, ni kweli? Nimepata Spitfire na sitaki kuinunua kisha niiue.

Mwenye mada, Tudor

Ndugu wa Likoni, inunue ikiwa chesi yake ni nzima. Spitfire ina chesi yake peke yake chini ya bodi, kwa hiyo lala chini ulitazame kwa kurunzi. Kuhusu petroli, ni kweli kwamba risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka 2006, na ni kweli kwamba risasi ile ilikuwa ikizilinda siti za vali, yaani mahali vali inapokaa ikifunga, katika silinda hedi za chuma kama za Spitfire na MGB. Bila risasi, siti huliwa kidogo kidogo gari likiendeshwa kwa kasi kwa muda mrefu, nafasi ya vali ikapungua mpaka vali ikashindwa kufunga. Dawa yake ni kupeleka silinda hedi kwa fundi wa mashine akatie siti ngumu za vali za moshi. Ni kazi ya mara moja, na kwa kuwa hedi itafunguliwa wakati wa kufufua injini, ifanye wakati huo. Mpaka hapo unaweza kuliendesha taratibu mjini na kukagua nafasi za vali mara kwa mara.

Mchangiaji wa Bamburi

Naomba niseme juu ya bei. Tangu mbio za Safari za magari ya kale zianze mwaka 2003, zikipita huku pwani mara kadhaa, wenye Porsche 911, Ford Escort na Datsun Z wamejua thamani ya walivyonavyo, na sidhani mwenye kipato cha kawaida ashindane nao. Mimi nilichagua Datsun 120Y ya kupe (coupé, ile ya milango miwili), ambayo wengi wanaidharau. Ni nyepesi, inaendesha kwa magurudumu ya nyuma, na mafundi walioizoea bado wapo. Celica za mwanzo nazo zingali zinapatikana kwa watu wasiozitangaza.

Ushauri wangu wa mwisho ni juu ya kulisafirisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika gari lililolala miaka mingi silinda za breki huwa zimeshikwa na kutu hata kama kanyagio linaonekana gumu. Nimeona watu wakivuta gari la namna hiyo kwa kamba kutoka Mariakani huku mtu akikaa kwenye usukani, na malori yakiwapita pande zote mbili. Lipandisheni juu ya bredauni ya kitanda, yaani lori la kubebea magari mgongoni, mlifunge magurudumu yote manne, na gharama hiyo muijumlishe katika bei tangu siku mnapoanza kupatana na mwenye gari.