Mrejesho: zile rimu za kaboni za baiskeli, 38 ama 50?

Wasee asanteni sana. Niliuliza ninunue rimu za kaboni za kina cha milimita 50 ama 38, baiskeli yangu ni ya breki za kubana rimu yenyewe, mkaniambia 50 zinashika upepo sana, na hizi kilo zangu 61 utanirusha kwa mtaro. Nikawasikiza nusu: mbele 38, nyuma 50. Jumamosi kwa barabara ya Southern Bypass lori likanipita vuu! na usukani ukatingisika kidogo tu. Pedi za breki pia nilibadilisha, nikaweka za rimu za kaboni. Kilichoniangusha ni tyubu, valvu ya milimita 48 kwa rimu ya 50 haitokezi hata kidogo, pampu itashika nini sasa, ikabidi fundi aniuzie kipande cha kurefushia. Kushuka ule mteremko wa Mai Mahiu bado sijajaribu, naogopa breki zikichemsha rimu.